Kiitikio cha Manu Dibango: nani aliombwa ruhusa?

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, aliyewahi kupiga saksafoni katika African Jazz ya Joseph Kabasele, akatunga wimbo wa mashindano hayo. Upande wa pili wa santuri uliwekwa «Soul Makossa». Wimbo wa kandanda ulisahauliwa. Ule wa nyuma ulivuma katika kumbi za dansi za New York, na mwaka 1973 kampuni ya Atlantic ikautoa Marekani.

Mwaka 1982 Michael Jackson alikitia kiitikio chake, silabi zikigeuzwa kidogo, mwishoni mwa «Wanna Be Startin' Somethin'», bila kumtaja mtunzi. Dibango alidai haki yake, wakapatana kwa fedha nje ya mahakama. Kiitikio hicho ni kifupi mno, mchezo tu wa sauti juu ya jina la muziki wa Waduala. Lakini ndicho ambacho kila msikilizaji hukikumbuka.

Zito zaidi lilitokea mwaka 2007. Rihanna alipokitumia katika «Don't Stop the Music», ruhusa iliombwa kwa Jackson. Mwazimaji alikwisha kuhesabiwa mwenye mali! Mwaka 2009 Dibango aliwashtaki wote wawili mjini Paris.