Msiba wa Noerine Kaleeba na Heshima ya Mgonjwa

Mwezi Januari 1987 Christopher Kaleeba alifariki dunia kwa UKIMWI nchini Uganda, akamwacha mkewe Noerine na mabinti wanne. Mwaka huohuo mjane huyo na wenzake waliasisi TASO, shirika la kuwahudumia watu wenye virusi pamoja na familia zao. Simulizi za namna hii tumezoea kuzihitimisha kwa kusifu ujasiri wa mtu mmoja. Sifa hizo ni za haki, ila zinafunika swali lenye manufaa zaidi kwetu: huzuni ya nyumba moja iligeukaje kuwa huduma ya taifa zima?

Tuyatazame mazingira kwanza. Wagonjwa wa mwanzo nchini humo waligunduliwa mwaka 1982 wilayani Rakai, kando ya Ziwa Victoria, na wananchi wakauita ugonjwa huo "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Serikali iliyoshika madaraka Januari 1986 ililitaja tatizo hadharani, wakati ambapo serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikilikana. Hata hivyo, kauli ya jukwaani haikutosha kumfikia mgonjwa kitandani. Huko ilitawala hofu: ndugu walijitenga, majirani walinong'ona, na baadhi ya wahudumu waliogopa hata kumgusa mgonjwa.

Noerine aliijua hali hiyo kutoka pande mbili. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago, yaani mtumishi ndani ya mfumo wenyewe. Tena, mwaka 1986 Christopher alipougua akiwa masomoni Hull, Uingereza, alisafiri kwenda kumuuguza, akaona wahudumu wakimhudumia mumewe bila kinyaa. Tiba ya kumponya hawakuwa nayo wao pia. Walichomzidi mhudumu wa Kampala katika jambo hili ni utu. Naona hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yake yote: ikiwa kinachokosekana ni utu, basi hata nchi maskini iliyotoka vitani inaweza kuanza leo, bila kusubiri dawa.

TASO ilianza na kikundi cha watu 16, wengi wao wakiwa wenyewe na virusi. Walitoa ushauri nasaha, walitibu magonjwa nyemelezi, waliwatembelea wagonjwa majumbani, na walifundisha kuishi kwa matumaini. Kutoka Mulago huduma zikaenea hadi Masaka, Tororo, Mbarara, Mbale na Jinja. Waasisi wengi walifariki dunia katika miaka iliyofuata, lakini kazi haikufa nao, kwa kuwa walikuwa wamejenga taasisi. Noerine mwenyewe alikabidhi uongozi katikati ya miaka ya 1990 na kuendeleza utetezi wake katika UNAIDS. Dawa zilipoanza kutolewa kupitia TASO mwaka 2004, washauri na njia za kuwafikia wagonjwa vilikuwa tayari vipo. Dawa ilikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Noerine alikataa kuficha, akamtaja mumewe na ugonjwa wake mbele ya watu. Lakini kusema hadharani kungeishia kuwa tanzia tu, kama kusingefuatwa na ratiba, mafunzo na watu wa kupokezana zamu. Wanaharakati wetu wa leo, walio hodari wa kupaza sauti, walitafakari hilo.

Kwa watumishi wa umma somo ni chungu zaidi. Tusiifanye historia hii kuwa kisingizio cha kuwaachia wafiwa wajibu wa dola. Kumgusa mgonjwa bila kinyaa hakukuhitaji bajeti mpya wala sheria mpya; kulikuwa sehemu ya kazi ambayo tayari ililipiwa mshahara. Kila tunapomsifu mjane aliyeujaza pengo, tuulize pia ni nani aliyeliacha wazi, na ni mapengo mangapi katika ofisi zetu leo yanayongoja kwanza mtu afiwe.