Nani Anahesabu Kura za Mtandaoni?

Anayetaka kuelewa kura za mtandaoni asianzie Facebook. Arudi Palo Alto, California, mwaka 1990, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox, ambako Pavel Curtis alianzisha LambdaMOO. Ulikuwa ulimwengu usio na picha hata moja: watu waliingia kupitia kompyuta zao, wakajenga nyumba na kuzungumza kwa maandishi matupu.

Ugomvi ulipozidi, wasimamizi walichoka kuwa mahakimu. Desemba 1992 Curtis alitangaza kwamba wao watashughulikia mitambo tu. Mambo ya kijamii wenyeji wayamalize wenyewe. Kwa utaratibu gani? Haukuwepo. Machi 1993 mhusika aliyejiita Mr. Bungle aliwadhalilisha wenzake kingono sebuleni, mbele ya watu. Wenyeji wakakutana, wakabishana kwa muda mrefu, wakatawanyika bila uamuzi. Msimamizi mmoja akamfuta kwa hiari yake.

Curtis, aliyekuwa safarini, aliporudi ndipo akaweka kura. Mwenye hoja aliandika ombi na kukusanya saini, wasimamizi walilikagua, kisha likapigiwa kura, na ili lipite ilibidi wanaokubali wawe mara mbili ya wanaokataa. Ni utaratibu wa heshima, na mimi nauheshimu hadi leo. Lakini tayari alikuwa ameingia mgeni aitwaye Dr. Jest, na wenyeji waliomtazama waliamini ni Bungle yuleyule. Kama mtu anaweza kufa na kuzaliwa upya kwa jina jipya, daftari la wapiga kura lina maana gani?

Mei 1996 wasimamizi walitangaza kwamba wanarudi kuamua mambo ya kijamii. Walikiri kuwa mitambo na siasa havikutenganika: aliyeshika mitambo alikuwa ameshika mamlaka, kuwe na kura au kusiwe.

Facebook ilipita njia hiyohiyo kwa haraka. Mwaka 2009 iliahidi kufuata kura za watumiaji kuhusu mabadiliko ya kanuni zake endapo asilimia 30 yao wangeshiriki. Desemba 2012 walipiga kura watu wapatao 668,000, na wengi mno walikataa mabadiliko yaliyopendekezwa. Zilihitajika kura takriban milioni 300. Mabadiliko yakapita, na moja kati yake lilikuwa kuifuta haki yenyewe ya kupiga kura. Sharti lile, kwa maoni yangu, lilikuwa mlango uliofungwa tangu siku ya kwanza.

Njia hii ina tawi moja lililofika mbali. Watengenezaji wa Debian, programu huria iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, wana katiba tangu 1998. Mwanachama hujulikana kwanza, na kura yake husainiwa kwa ufunguo wake wa siri wa kidijitali. Hawachagui jina moja tu; hupanga wagombea kwa mfuatano wa wanavyowapenda. Tena matokeo yanambana kiongozi mwenyewe, ambaye huchaguliwa upya kila mwaka.