Tumbo na Jukwaa: Nani Humfanya Mtu Bingwa wa Kula?

Kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, maelfu ya watu husongamana kwenye kona ya barabara za Surf na Stillwell, Coney Island, mjini New York, kutazama wenzao wakila. Kinacholiwa ni hotidogi za mgahawa wa Nathan's Famous, na muda ni dakika 10. Wanaolibeza shindano hili huliita ulafi wa hadharani. Wanaolitetea hudai ni mchezo kama riadha. Makala haya hayakubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili. Kinachouzwa pale ni uhasama, na mwenye kuutunga uhasama huo ni mwenye jukwaa, si mlaji.

Tuanze na asili yake. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba mwaka 1916 wahamiaji wanne walibishana ni nani aliye Mmarekani zaidi, wakaamua kuumaliza ubishi kwa soseji. Mwaka 2010 Mortimer Matz, mtu wa matangazo aliyeshirikiana na Max Rosey, alikiri kuwa kisa hicho walikibuni wao. Mashindano yenye kumbukumbu za kuaminika yanaanzia miaka ya 1970. Hata hivyo kisa kiliendelea kusimuliwa, kwa kuwa kilikwisha kuweka mambo matatu ambayo jukwaa lingeyahitaji baadaye: mgeni, uzalendo na mpinzani.

Mpinzani wa kweli alifika mwaka 2001. Takeru Kobayashi, kijana mwembamba kutoka Japani, alikula hotidogi 50 kwa dakika 12, takriban mara mbili ya rekodi iliyokuwapo. Alikuja na ufundi wake: anaivunja soseji katikati, anaingiza vipande vyote viwili mdomoni kwa pamoja, kisha anauchovya mkate majini, anaukamua na kuumeza, huku mwili ukitikisika ili chakula kishuke. Alishinda miaka sita mfululizo. Mwaka 2007 Joey Chestnut wa California akamshinda kwa 66 dhidi ya 63, na mkanda wa ubingwa wenye rangi ya haradali ukasimuliwa kama hazina iliyorudi nyumbani.

Msimulizi alikuwa George Shea, mshereheshaji mwenye kofia ya majani makavu, ambaye humpandisha kila mlaji jukwaani kwa maneno ya kishujaa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atayatambua maneno hayo mara moja. Ni sifo, wala si majigambo, maana shujaa hajisemei; ukubwa wake unatoka kinywani mwa mwingine. Na mwingine huyo ana hisa katika mchezo: George na nduguye Richard ndio waanzilishi wa Major League Eating, inayosimamia mashindano na mikataba ya walaji.

Nguvu ya kinywa hicho ilionekana mwaka 2010. Kobayashi alikataa kusaini mkataba wa kumfunga kwa Major League Eating, hivyo hakushindana. Shindano lilipokwisha alipanda jukwaani, na polisi wakamkamata. Mwaka uliofuata, juu ya paa la jengo huko Manhattan, alikula hotidogi 69 siku ileile Chestnut alipotwaa ubingwa kwa 62. Dakika zilikuwa zilezile 10, lakini 69 haikutambuliwa kuwa rekodi. Mwaka 2024 zamu ikamfikia Chestnut mwenyewe: alizuiwa kushindana Coney Island kwa sababu ya mkataba wake na Impossible Foods, kampuni ya vyakula vinavyoiga nyama. Mnamo Septemba Netflix iliwakutanisha mahasimu hao huko Las Vegas. Chestnut alikula 83, Kobayashi 66. Uhasama wa miaka 17 ulikuwa umepata mnunuzi mwingine.

Ipo hoja nzito dhidi ya msimamo huu, nayo ni kwamba chakula ni cha kweli na hesabu ni ya kweli. Nakubali, na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kuwa mtazamaji wa mieleka hajali kama pambano limepangwa; anachotaka ni kuonyeshwa mateso, kushindwa na haki. Mwanamieleka wa Barthes huigiza maumivu. Mlaji wa Coney Island hana nafasi ya kuigiza. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilipiga picha tumbo la mlaji mmoja wa mashindano, wakaona limetanuka kama mfuko uliolegea, halisukumi chakula mbele inavyopaswa. Wakaonya kwamba huenda baadaye lisiweze tena kufanya kazi. Kobayashi mwenyewe amesema hasikii tena njaa wala shibe. Huko Japani, kijana wa shule alikufa mwaka 2002 akiiga ulaji wa kasi aliouona kwenye televisheni.

Kuweka wahudumu wa dharura kando ya jukwaa, kama inavyofanyika sasa, hakutoshi. Anayeamua nani ni bingwa, rekodi ipi ihesabiwe na nani asipande jukwaani ni mwajiri kwa kila hali, hata kama mkataba haumwiti hivyo. Awajibike basi kuwapima walaji wake kila mwaka na kuwatibu hata baada ya kustaafu, na rekodi zitunzwe na chombo kisichofaidika na uhasama wao.