Tiba ya saratani na mzigo wa nauli: Namna wafanyabiashara wanavyoweza kumbeba mgonjwa

SARATANI humgharimu mgonjwa mara mbili. Gharama ya kwanza ni ya dawa, vipimo na mionzi, nayo huzungumzwa sana. Gharama ya pili ni ya nauli, chakula, malazi, kodi ya nyumba na ada za watoto waliobaki nyumbani. Hiyo husahaulika, na ndiyo ambayo wafanyabiashara wa mitaani katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiichangia.

Nchini Tanzania, sera ya afya kwa muda mrefu imeiweka saratani miongoni mwa magonjwa yanayopewa msamaha wa malipo katika hospitali za umma. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, ilikuwa kwa miaka mingi kituo pekee nchini cha tiba ya mionzi, kabla ya Hospitali ya Bugando ya Mwanza nayo kuanza kuitoa.

Hata hivyo, msamaha huo hauishii mlangoni kwa mgonjwa. Mionzi hutolewa kwa dozi ndogo ndogo, aghalabu siku 5 kwa wiki. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi huweza kuhitaji wiki 5 hadi 7 za matibabu. Anayetoka Kigoma au Mtwara hawezi kwenda na kurudi. Ni lazima apate pa kulala. Aidha, wengi husindikizwa na ndugu, hivyo watu wawili huacha shamba au kibarua, na vinywa viwili huhitaji chakula mjini.

Athari yake ni ya kitabibu pia. Mionzi inapokatizwa, seli za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka tena, na uwezekano wa kupona hupungua. Kwa hiyo, mgonjwa anayerudi kijijini kwa kukosa fedha ya chakula hupoteza faida ya tiba ambayo taifa limekwisha kuigharimia.

Njia za kuchangisha

Njia zinazotumika sana ni sanduku la mchango kwenye kaunta, siku moja ya mauzo ambayo sehemu ya faida hutengwa, matembezi ya hisani, mnada wa bidhaa na chakula cha jioni cha hisani. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mchango mdogo wa mteja umekuwa rahisi kukusanywa bila kushika fedha taslimu.

Si lazima mchango uwe fedha. Mwenye basi hutoa tiketi, mwenye nyumba ya wageni hutoa chumba, mamalishe hutoa sahani mbili kwa siku na mwenye duka hutoa unga na sabuni. Misaada ya namna hii humfikia mhitaji moja kwa moja.

Uingereza, shirika la Macmillan, lililoanzishwa mwaka 1911, limekuwa likiandaa asubuhi ya kahawa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo maduka na ofisi huuza kahawa na keki kwa ajili ya wagonjwa. Marekani, nyumba ya kwanza ya Hope Lodge, inayowapa wagonjwa wa saratani malazi bila malipo, ilifunguliwa Charleston mwaka 1970. Dar es Salaam, taasisi ya Tumaini la Maisha, inayohudumia watoto wenye saratani katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, huhesabu usafiri na malazi ya familia kuwa sehemu ya tiba.

Mambo ya kuzingatia

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka nafasi kwa mfanyabiashara kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa sababu ya mchango wake kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2. Fedha anazomkabidhi mgonjwa mkononi hazimpi nafuu hiyo. Risiti ni muhimu.

Fedha za mchango zitenganishwe na za biashara, ziwe na watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu zitangazwe kwa waliochanga. Wanaostahili msaada wateuliwe na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo huwafahamu wagonjwa na ratiba zao. Vilevile, jina na picha ya mgonjwa visitumike bila ridhaa yake, kwani anayeugua hastahili kuuza heshima yake ili apate nauli.

Haba na haba hujaza kibaba. Nauli ya wiki moja ni kidogo kwa duka lenye wateja wengi, lakini kwa mgonjwa aliyefika nusu ya matibabu yaweza kuwa ndiyo inayomwezesha kuyamaliza.