Voice of the Faithful

Voice of the Faithful ni chama cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa mwaka 2002 huko Wellesley, Massachusetts, Marekani. Januari mwaka huo gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba viongozi wa Jimbo Kuu la Boston walikuwa wakiwahamisha mapadre waliowadhulumu watoto kingono kutoka parokia moja hadi nyingine, bila kuwaonya waamini. Waumini wa parokia ya Mtakatifu Yohane Mwinjili huko Wellesley wakaanza kukutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa lao, wakiwa na uchungu mkubwa lakini bila nia ya kuiacha imani. Mikutano hiyo ikazaa chama, na daktari wa moyo James Muller alikuwa rais wake wa kwanza.

Chama kilitaka kuwasaidia waliodhulumiwa, kuwaunga mkono mapadre waadilifu, na kurekebisha mfumo wa uongozi wa Kanisa. Lengo hili la mwisho ndilo lililowatia maaskofu wasiwasi. Baadhi yao walikikataza kukutana katika majengo ya parokia, uamuzi mchungu kwa watu waliozijenga parokia hizo kwa sadaka zao wenyewe. Hata hivyo, mkutano wa Julai 2002 mjini Boston ulihudhuriwa na watu wapatao 4,000. Kardinali Bernard Law alijiuzulu uaskofu mkuu wa Boston Desemba 13 mwaka huohuo kutokana na kashfa hiyo ya dhuluma.