Mavuno, Sauti Nne na Kanisa la Mtaa

Masika yakishapita na mahindi yakaanza kukauka shambani, makanisa mengi ya vijijini Tanzania huanza kujiandaa kwa Sikukuu ya Mavuno. Hakuna tarehe moja ya nchi nzima. Wanaovuna Juni hushukuru mapema, wanaovuna Agosti husubiri, na kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua wako wanaotoa shukrani mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Waliotuletea sikukuu hii walikuja nayo kutoka nchi ambazo mavuno hushukuriwa Septemba na Oktoba, kabla ya baridi kuingia. Swali la kihistoria ni hili: nani aliyeitoa sikukuu hiyo katika kalenda ya Ulaya akaiweka katika kalenda ya mvua zetu, na nani aliyeipa nyimbo zinazoimbwa humo leo? Jibu la kawaida huwataja wamisionari wenye busara, maaskofu, mabaraza na vitabu vya nyimbo. Mimi nadhani sifa kubwa inaliangukia kanisa dogo la mtaa, lile lisilo na kinanda wala mchungaji wake, na kwamba udogo wake wenyewe ndio uliolifanya liweze kazi hiyo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba huko ilikotoka sikukuu hii ni ya tangu enzi za mitume. Katika Uingereza, ibada ya mavuno kama inavyojulikana sasa ilianzishwa na Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow katika jimbo la Cornwall, mwaka 1843. Morwenstow ni parokia ya vijijini kando ya bahari, na waumini wake walikuwa wakulima na watu wa pwani. Wajerumani walikuwa na desturi ya zamani zaidi, na wimbo wao maarufu wa mavuno unatokana na maneno ya Matthias Claudius ya mwaka 1782, ambayo Jane Montgomery Campbell aliyatia katika Kiingereza mwaka 1861. Katika Kiingereza hicho Mungu anashukuriwa hata kwa theluji ya majira ya baridi. Ni shukrani ya kweli ya mkulima wa Ulaya, kwa maana theluji huifunika ngano iliyokwisha kupandwa. Mkulima wa Iringa au Karagwe hana theluji ya kushukuru. Ana mvua iliyochelewa wiki tatu, panya walioingia ghalani, na maharage yaliyonusurika. Naye alikuwa na namna ya kushukuru kabla hajasikia habari za Hawker: katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hakuna aliyegusa mazao mapya kabla malimbuko hayajatolewa, na kutoa huko kuliambatana na kuimba na kucheza. Wamisionari wengi walikataza ngoma hizo kwa sababu waliziona zimefungamana na mizimu na jando. Kwa hiyo mkulima aliyebatizwa alijikuta na sikukuu mpya ya jambo alilolijua tangu zamani, na nyimbo ambazo hazikugusa shamba lake.

Hapo ndipo kanisa la mtaa linapoingia. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo makanisa yake saba yaliungana kuwa KKKT mwaka 1963, usharika mmoja huwa na mitaa kadhaa, na mtaa huongozwa na mwinjilisti na wazee wa kanisa. Mchungaji hufika kwa zamu. Mpangilio huo una mizizi mirefu, na ulijaribiwa vikali na vita. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wamesalia Kilimanjaro walifukuzwa mwaka 1920, na wenzao wakaanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani waliwekwa tena kizuizini. Katika vipindi vyote viwili ibada haikusimama. Walimu wa shule za misheni, ambao ndio waliokuwa wainjilisti, walihubiri, walifundisha katekisimu, waliongoza nyimbo. Vitabu vilikuwa haba na vinanda vichache vilibaki kwenye vituo vikubwa. Wimbo ukawa kitu cha kukaa kichwani na kooni. Mwalimu huimba mstari, watu huupokea. Akiisha kuwa na hakika nao, hugawanya sauti.

Kugawanya sauti ni jambo la kutazama kwa karibu, maana ndipo ufundi ulipo. Mwalimu wa kwaya huandika ubaoni herufi za solfa, d, r, m, f, s, l, t, akitenga mapigo kwa nukta na mistari. Njia hii ilienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 kwa ajili ya watu wasio na ala wala nafasi ya kusoma nota za kitaalamu, nayo ikaenea Afrika kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu anaweza kuanza na sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, airudie mpaka ikae, ndipo apandishe sauti ya tatu juu yake, kisha ya pili, na mwisho ya kwanza. Anayekosa kinanda analazimika kuwafanya watu wenyewe kuwa kinanda. Na watu, tofauti na kinanda, wana masikio yao. Sauti ya pili hutafuta njia inayozoeleka katika lugha ya kwao, besi huongeza kijisauti cha kuitikia, mtu mmoja hutangulia na wengine humpokea. Utenzi wa Kijerumani ulioingia kanisani kwa mwendo wa taratibu ulitoka ukiwa na kiitikio na vigelegele. Hakuna sinodi iliyokaa kuamua hivyo. Mabadiliko hayo yalitokea kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyazuia, wala chombo cha kuwarudisha waimbaji kwenye nota ya kitabuni.

Uamsho wa Afrika Mashariki uliongeza nguvu upande huu, ingawa kwa njia ya ajabu. Ulianza Gahini nchini Rwanda na kushamiri Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Bukoba na kuenea pande nyingi za Tanganyika na Kenya. Wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, uliimbwa bila kitabu na bila ala, watu wakisalimiana njiani au mtu akimaliza kutoa ushuhuda. Ni kweli kwamba wanauamsho wengi walizikataa ngoma kuliko hata wamisionari. Lakini walithibitisha jambo moja ambalo baadaye lilikuja kuwa kubwa: shukrani inaweza kuimbwa mahali popote na mtu yeyote, bila kungoja mwenye cheo aianzishe.

Sikukuu ya mavuno yenyewe ilibadilika kwa namna hiyo hiyo. Mbele ya madhabahu hupangwa mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, maharage katika vikapu, miwa, mayai, kuku waliofungwa miguu, pengine mbuzi nje mlangoni. Watoaji huja wakiimba, jumuiya baada ya jumuiya, kwa mwendo wa kucheza. Ibada ikiisha unaanza mnada. Mnadi husifia mkungu kama bibi harusi, bei hupanda kupita bei ya sokoni mara mbili tatu, na aliyenunua mara nyingi huurudisha ukanadiwe tena, au humpa mjane aliyekaa benchi la nyuma. Wako wanaolaumu kwamba hapa shukrani imegeuka kuwa harambee, na kwamba fedha imeufunika wimbo. Lawama hii ina uzito pale ambapo majina ya watoaji na viwango vyao husomwa hadharani hata asiye na kitu akaona aibu kuja. Hilo ni kosa na linastahili kukemewa. Lakini kihistoria mnada ulijibu haja halisi. Mtaa wa wakulima hauna fedha taslimu ila una mazao, na paa la kanisa hununuliwa kwa fedha. Mnada uligeuza ndizi kuwa bati, tena mbele ya macho ya watu wote, ambako kila mtu anajua kilichopatikana. Kwaya huimba katikati ya mnada kwa sababu mnada wenyewe bado ni sehemu ya ibada. Mwenye kuutazama kama soko anasahau kwamba hakuna mfanyabiashara anayenunua yai kwa bei ile.

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu nguvu ya kanisa dogo unatoka Makumira, karibu na Usa River mkoani Arusha, ambako chuo cha theolojia cha Walutheri kipo tangu mwaka 1954. Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha hapo, aliwahimiza wanafunzi wake waandike nyimbo za Kikristo kwa sauti walizokua nazo. Wanafunzi hao walitoka mitaani, katika makanisa ya aina niliyoieleza. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, kwa tuni ya asili ya Tanzania. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akautia katika Kijerumani, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Olson naye aliutia katika Kiingereza, ukachapwa Marekani mwaka 1977 katika mkusanyo Lead Us, Lord. Mwaka huohuo Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Josiah Kibira, askofu kutoka Bukoba, akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza Mwafrika. Watoto wa Ujerumani, nchi iliyotuletea tenzi zake, sasa wanaimba Pasaka kwa tuni iliyokuzwa na watu wasio na kinanda.

Msomaji makini atasema: basi aliyefanya kazi ni Olson, na kabla yake wamisionari waliopenda mambo ya wenyeji, kama Bruno Gutmann aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya mwaka 1902 na 1938 na kutetea ukoo, ujirani na rika kama misingi ya kanisa. Kwa upande wa Wakatoliki atamtaja padre Stephen Mbunga, Mtanzania, ambaye mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza, katika hati yake juu ya liturujia, kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima inayostahili. Watu hawa walifanya kazi kubwa na sitaipunguza hata chembe. Mbunga hasa alikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwa hoja za sheria yenyewe kwamba mlango ulikuwa wazi. Hata hivyo, tazama mpangilio wa matukio. Olson hakutunga tuni zile, alizikusanya. Mtaguso haukuanzisha uimbaji wa Kiafrika, uliupa kibali. Mkusanyaji huhitaji kitu cha kukusanya, na kibali huhitaji jambo ambalo tayari linafanyika. Jambo hilo lilikuwa likifanyika makanisani ambako hakuna aliyekuwa akiandika kumbukumbu, ndiyo maana historia imewaona wakusanyaji na kuwapita walioimba.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Huenda nalitukuza kanisa dogo kwa kulionea huruma, ilhali muziki wa kwaya ulienezwa na kwaya kubwa za mijini, zenye gitaa za umeme, studio na kaseti. Mwanza na Dar es Salaam zina sehemu yao, sikatai. Lakini kati ya kwaya zilizojulikana sana kwa kaseti, nyingine zilitoka Ulyankulu mkoani Tabora, makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Kwaya ya Barabara ya 13 ilipata jina lake kutokana na barabara ya makazi hayo. Watu walioacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazazi wao walilima porini na kuimba shukrani kwa Kiswahili cha nchi iliyowapokea, na sauti yao ikasikika katika mabasi na jikoni kote Afrika Mashariki. Gitaa liliongezwa, lakini mpangilio wa sauti, wa kutangulia na kupokea, ulikuwa uleule wa kanisa la mtaa. Teknolojia ya mjini ilikisafirisha kitu kilichokwisha kukomaa kijijini.

Liko deni ambalo bado halijalipwa. Katika vitabu vingi, chini ya tuni hizi, pameandikwa tu kwamba ni za asili ya Tanzania, kana kwamba nchi nzima ilikaa chini ikazitunga. Nyingine kweli hazina mwenyewe anayejulikana. Lakini nyingine zilitungwa na mwalimu fulani wa kwaya, katika mtaa fulani, kwa ajili ya mavuno ya mwaka fulani, na jina lake limepotea kwa sababu daftari la kwaya liliandikwa maneno na solfa bila kuandikwa mtunzi. Madaftari hayo bado yapo kwenye makabati ya makanisa, yakiliwa na mchwa, na baadhi ya wazee walioimba miaka ya 1960 bado wako hai. Ombi langu kwa walimu wa kwaya, wainjilisti na makatibu wa mitaa ni hili: kabla ya mavuno yajayo, fungueni kabati, waulizeni wazee, na kando ya kila wimbo andikeni jina la aliyeutunga, mtaa wake na mwaka.