Mangungo hakuwa na nchi ya kuuza

Ndugu wasikilizaji, mtu akitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa basi, njiani hupita kijiji kiitwacho Ulaya. Kondakta hupaza sauti, "Ulaya mpo? Ulaya washuke!" na abiria mgeni hucheka, kwa sababu hakujua kwamba Ulaya yaweza kufikiwa kwa nauli ndogo namna ile, tena bila pasipoti.

Nilikuwa katika basi hilo siku moja, nikasikia mabishano ya watu wawili waliokaa mbele yangu. Mmoja alikuwa anataka kuuza shamba alilorithi, na mwenzake akamwambia, "Angalia usije ukawa Mangungo." Basi zima likacheka. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni hakucheka. Alikuwa anatoka Msowero. Mzee mmoja akamshika mkono akamwambia, "Mjukuu wangu, usione haya. Hao wanaocheka hawajui nchi ya kwetu ilikuwa ya nani." Yule mzee akashuka Kilosa na fimbo yake, mimi nikabaki na maneno yake. Leo nataka niyajibu.

Jina la Mangungo tumelisoma sote darasani. Tunaambiwa alikuwa Chifu wa Msovero huko Usagara, akatia alama kwenye karatasi asiyoijua, akaitoa nchi kwa Mjerumani Karl Peters. Tangu hapo, kila mkataba mbovu nchini, hasa wa madini, huitwa mkataba wa Mangungo, iwe bungeni, magazetini au kijiweni. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza Wasagara ni watu gani, walitoka wapi, na kwao nani alikuwa na uwezo wa kutoa ardhi?

Tuanze mbali kidogo. Wasagara, pamoja na jirani zao Wakaguru wa upande wa kaskazini na Wavidunda wa milimani kusini ya Mikumi, ni watu wa jamii ya Kibantu. Wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba chimbuko la lugha za Kibantu liko Afrika Magharibi, kwenye mpaka wa Nigeria na Kameruni za leo, na kwamba watu walianza kutawanyika kutoka huko miaka ipatayo 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Hawakutembea kama jeshi. Walikwenda kizazi kwa kizazi, mtoto akilima bonde la pili kutoka lile la baba yake, mjukuu bonde la tatu. Huko Dakawa, kando ya Mto Wami, si mbali na Kilosa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya vyungu na mabaki ya uyeyushaji wa chuma vya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nchi hii ilikuwa pori tupu likingoja wageni.

Wazee wa Kikaguru wana masimulizi yao ya safari ndefu, na wanasema kwamba njiani koo mbalimbali zilipata majina kutokana na mambo yaliyowakuta. Mwanazuoni wa Kimarekani, Thomas Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliyaandika mengi ya masimulizi hayo. Mwaka 1967 alitoa kitabu kizima kuhusu makabila ya mashariki ya Tanzania yanayofuata ukoo wa mama. Hapo ndipo penye ufunguo wa mazungumzo yetu ya leo.

Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, Waluguru, Wazigua, Wanguu, Wakwere na Wazaramo, wote hawa kwa asili ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Ardhi nayo ilikuwa mali ya ukoo. Ukoo uliotangulia kufyeka bonde ndio uliokuwa mwenyeji wa bonde hilo. Wao ndio waliojua makaburi ya wazee yalipo, na wao ndio waliofanya tambiko la mvua. Mgeni alikaribishwa, akapewa pa kulima, lakini alijua anakaa kwa heshima ya wenyeji. Bonde la pili lilikuwa na wenyeji wengine, na mlima wa tatu wengine tena.

Kwa maneno mengine, Usagara haikuwa na mfalme. Hapakuwa na mtu aliyekaa kitini akatawala kutoka Mkata mpaka Mpwapwa. Hata jina lenyewe la Usagara lilipanuliwa na wapita njia. Wasafiri wa Kizungu kama Burton na Speke, waliopita mwaka 1857, waliita Usagara karibu milima yote iliyo kati ya tambarare ya Mkata na nchi ya Wagogo, wakawatia humo hata Wakaguru. Wataalamu wa lugha baadaye waliona tofauti. Katika orodha mashuhuri ya lugha za Kibantu ya Malcolm Guthrie, Kikaguru kimewekwa kundi moja na Kigogo, na Kisagara na Kividunda vimewekwa pamoja na Kiluguru, Kizigua na Kizaramo.

Wapita njia hao hawakuwa wachache. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita huko huko, ikifuata bonde la Mto Mkondoa. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu, na watumwa wakapita na minyororo. Stanley alipita mwaka 1871 wakati wa masika akimtafuta Livingstone, na kinamasi cha Mkata kilimtesa asikisahau. Wanaokwenda leo Mbuga ya Mikumi kuangalia twiga na nyati wanatazama tambarare hiyo hiyo wakiwa ndani ya gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wafaransa nao waliweka kituo mahali paitwapo Kondoa, karibu na Kilosa. Tafadhali msiichanganye na Kondoa Irangi yenye michoro ya mapangoni.

Misafara ilileta nguo, bunduki na chumvi, ikaleta pia watu wakubwa wapya. Mtu aliyekaa njiani, akawauzia wapita njia chakula na kuwatoza hongo, aliweza kupata bunduki na wafuasi, mgeni akamwita sultani. Wasagara wenyewe walikuwa taabani, kwa maana upande mmoja walivamiwa na Wahehe, upande mwingine na wakamata watumwa. Mkuu wa kijiji katika hali hiyo alitafuta rafiki mwenye bunduki. Tukumbuke jambo hili tunapofika kwa Mangungo.

Novemba 1884 Karl Peters alifika Unguja na wenzake akina Jühlke na Pfeil. Alikuwa na umri wa miaka 28, na walisafiri kwa majina ya bandia ili wasijulikane. Wakavuka bara, na katika majuma machache wakakusanya mikataba ipatayo 12 katika nchi za Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami. Ule wa Mangungo ulifanyika Msovero tarehe 29 Novemba 1884. Utaratibu wao Peters mwenyewe aliueleza katika maandishi yake bila haya. Kwanza ni vinywaji na zawadi, halafu undugu wa kuchanjana, halafu karatasi ya Kijerumani inasomwa, mkalimani anaeleza anavyojua, bendera inapandishwa, na bunduki zinapigwa hewani.

Karatasi hiyo ilisema ni mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake ikasema kwamba "Sultani" Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe na chama cha Peters kwa ukoloni wa Kijerumani. Ikasema pia kwamba Mangungo hayuko chini ya Sultani wa Unguja. Maneno haya ya mwisho ndiyo Peters aliyoyataka zaidi, maana bila hayo Sultani Barghash angesema nchi ni yake, kama alivyokuja kusema kweli.

Sasa tujiulize kwa utulivu. Mangungo alielewa nini siku ile? Kwa desturi ya kwao, mgeni aliyeleta zawadi na kuchanjana damu amekuwa ndugu. Ndugu hupewa pa kukaa na pa kulima, na kukiwa na vita anasimama upande wako. Hivyo ndivyo mkuu yeyote wa Kisagara angeelewa urafiki wa milele. Kuuza bonde la ukoo kwa mtu wa ng'ambo, moja kwa moja, pamoja na makaburi ya wajomba, ni jambo ambalo sheria ya kwao haikuwa nalo. Tena hata angetaka, asingeweza. Alikuwa mkuu wa Msovero tu, na hata Msovero ilikuwa ya koo, si ya mtu mmoja. Usultani wa nchi alipewa na Peters kwenye karatasi, kwa sababu muuzaji lazima aitwe mwenye mali ndipo biashara ionekane halali.

Kwa hiyo nasema hivi: Mangungo hakuuza nchi, kwa kuwa hakuwa na nchi ya kuuza. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja Agosti mwaka huo huo. Je, ni alama ya Mangungo iliyochukua nchi, au ni mizinga ile?

Na Wasagara hawakukaa kimya. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, Wavidunda na Wasagara wa wilaya ya Kilosa walikuwamo. Kisha ikaja reli, yakaja mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi. Waingereza walipotwaa nchi wakaendeleza mchezo ule ule wa kutengeneza wakubwa. Huko Ukaguru walikuwa na Chifu Mkuu, cheo ambacho koo za Kikaguru hazikuwa nacho zamani. Uchifu wa namna hiyo ulifutwa na Serikali yetu mwaka 1963.

Mambo haya si ya Kilosa peke yake. Kule Asia, katika kisiwa cha kaskazini mwa Japani kiitwacho Hokkaido, wako wenyeji waitwao Waainu, waliokuwa wakiishi kwa kuvua samaki na kuwinda. Serikali ya Japani ilikitwaa kisiwa chao rasmi mwaka 1869 na kuhesabu ardhi yao kama isiyo na mwenyewe. Wao hawakupata hata mkataba wa uongo. Ilichukua mpaka mwaka 2019 ndipo sheria ya Japani ikawataja Waainu kuwa ndio wenyeji wa asili. Mnaona, basi, kwamba penye karatasi na pasipo karatasi, ardhi ilikwenda vile vile. Aliyekosa nguvu ndiye aliyenyang'anywa, na baadaye ndiye aliyechekwa.

Ndugu wasikilizaji, kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu Kilosa bado ina kidonda cha ardhi. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Msagara anasema hapa ni kwa babu zake. Mparakuyo naye ana vizazi kadhaa vya kuchunga ng'ombe katika tambarare hizo, na mjukuu wa manamba aliyezaliwa Kimamba hana kwao kwingine. Wote hao wanahitaji historia iliyo kamili. Kejeli haitawapatanisha.

Tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa wanakijiji haujaridhia. Tazameni jinsi inavyofanana na desturi ya zamani ya Wasagara, kwamba ardhi ni ya wengi na mtu mmoja hana mamlaka ya kuitoa. Lakini bado tunasikia, huku na huko, mwenyekiti kaitwa hotelini, kala na kunywa, karudi kijijini na karatasi iliyokwisha kutiwa saini. Huyo ana kosa kuliko Mangungo. Yeye anasoma Kiswahili, sheria anayo mkononi, na hakuna manowari iliyotia nanga mbele ya nyumba yake.

Utani ni utani, na Watanzania tusipotaniana tutakufa kwa shinikizo la damu. Lakini walimu wanapofundisha somo la mikataba ile, wawaeleze watoto kwamba Usagara ilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wengi. Wazee wanaojua koo na mabonde wanapungua kila mwaka. Kijana wa Msowero akae na mjomba wake amuulize, kabla hajabaki na vicheko vya basi peke yake.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.